Uliosha Kwenye Karai Lipi?

Juzi kijana mmoja jirani yangu alinionyesha kwenye simu mtu anayeshusha injini, anaifungua yote, anaifunga tena na kuiwasha, vyote kwa dakika kumi na mbili, na muziki juu yake. Nikamwambia, "Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "mimi kazi hiyo ilinichukua siku nne, na muziki sikuwahi kuusikia." Akacheka. Lakini nilipofika nyumbani sikutulia, kwa sababu nilijua anachokitaka. Baba yake ana gari bovu nyuma ya nyumba, na spana zipo. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Yeye asome, na nyinyi wengine mlio na gari bovu nyuma ya nyumba msome naye.

Sitawakataza. Mikono mmepewa na Mungu ifanye kazi, na mafundi wote mnaowaona leo walianza kwa kuharibu kitu cha mtu. Ila nataka mjue jambo moja kuhusu injini iliyofungwa vibaya. Mara nyingi haimdhuru aliyeifunga. Humdhuru anayeitegemea. Mimi nililifahamu hilo kwenye mdomo wa duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, karibu na Genkuru, miaka ile ya rashi, watu walipokimbilia dhahabu. Injini ilifungwa na mtu asiye fundi, nami niliye fundi nikaikagua na kusema ni nzuri. Watu watatu walikuwa wanangoja kushuka chini ya ardhi wakiitegemea injini hiyo.

Kwanza niwaambie ufundi nilifundishwa wapi, maana kosa langu lilitoka huko huko, tena lilitoka kwa mtu mwema.

Nilijifunza upande wa Serengeti, Issenye, kwa mzee mmoja Mjaluo aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Tulimwita Mzee Okelo. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya kabisa, na hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Wiki yangu ya tatu kwake alinipa injini ya lori nifunge vifuniko vya beringi za konrodi, zile fimbo zinazoshika pistoni. Vifuniko vile vina namba, moja mpaka nne au sita, na kila kimoja kina upande wake wa mbele. Mimi niliona vinafanana. Nilifunga cha pili mahali pa cha tatu, nikakaza kwa nguvu zote za ujana, nikasimama nikijipangusa jasho ili anione.

Akashika gurudumu la injini akazungusha. Halikwenda vizuri.

"Iko ngumu?" akaniuliza.

"Kidogo, mzee."

"Kidogo ni ngapi?"

Nikainamia injini. Akasema, "Fungua yote. Wewe unapenda kukaza. Kukaza hata nyani anaweza, ukimpa spana."

Alinifundisha kutandika shuka kuukuu chini na kupanga kila kipande kama kilivyokaa ndani ya injini, mbele ya injini ikitazama mashariki, ili hata mbuzi akipita na kuvuruga ujue pa kuanzia. Alinifundisha kuingiza ringi ya pistoni ndani ya silinda peke yake na kupima mwanya wake kabla ya kuivalisha pistoni, kwa sababu ringi ikikosa mwanya, ikipata moto inatanuka na kukwama. Alinifundisha kupuliza kila tundu la oili, kwa mdomo kama hakuna pampu, hadi upepo utokee upande wa pili. Na alikuwa na swali moja aliloliuliza kabla kipande chochote hakijarudi ndani. Alikuwa anainama, anakuangalia machoni, anasema: "Umeosha?"

Ukisema ndiyo, anakuamini. Kwake kuosha kulikuwa na maana moja tu: petroli safi, brashi, halafu petroli nyingine safi kuliko ile ya kwanza. Nililichukua swali lake kama lilivyo, na nikalitumia miaka mingi baada ya yeye kwenda kwa Bwana. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani neno hilo lina maana nyingine.

Rashi ilipoanza, watu walikuja kutoka kila upande. Kila mtu alikuwa na duara, au alikuwa na ndugu mwenye duara. Na kila duara lilitaka pampu ya maji. Magari yaliyokufa zamani yalifufuka bila miili. Injini zilitolewa, zikafungwa kwenye fremu za magogo, zikavalishwa mkanda, zikavuta maji. Mafundi tulikuwa wachache, basi kila mtu akawa fundi. Niliona mengi. Mtu mmoja alipaka mafuta ya ng'ombe mahali pa gundi ya gasketi, na ilipopata moto duara zima likanuka kama sherehe. Mwingine alikata gasketi kwenye boksi la sabuni. Injini ikawaka, ikaanza kutoa povu kwenye rejeta, na vijana wakasema hiyo ndiyo injini ya kwanza Tarime kujifulia yenyewe. Tulicheka sana miaka ile. Mtu akipoteza injini tu, mnaweza kucheka.

Marwa hakuwa mtu wa kuchekwa. Alitoka Nyanungu, mkulima mwenye ng'ombe, akili yake iko mikononi. Aliweza kushona viatu, kujenga, kutengeneza redio. Pikapu yake ilipochoka aliitoa injini, petroli, silinda nne, akaifunga juu ya duara lake ivute maji. Ilifanya kazi msimu mzima, kisha ikaanza kula oili na kutoa moshi, na siku moja ikazimika kabisa. Duara likajaa maji. Marwa akasema mafundi wanachelewesha watu. Yeye amesimama mara nyingi kwenye magereji ya Sirari akitazama, anajua. Alikwenda Sirari akanunua ringi, beringi na gasketi. Akaifungua injini mwenyewe, akaifunga mwenyewe. Ilimchukua siku nane.

Lazima mlijue duara lile ndipo mwelewe. Lilishuka wima, kisha chini kabisa likakata kona, likaingia kwenye njia nyembamba ambayo mtu alitambaa kwa magoti hadi kwenye mwamba wenye dhahabu. Maji yalikuwa yanaingia kutoka pande zote. Pampu ikisimama, maji yaliziba mdomo wa ile njia kwa muda ambao mama anapika ugali na mboga yake. Aliye mwisho wa njia, akiwa na zana, akiwa amechoka, huo muda haumtoshi. Na aliyekuwa anatangulia daima hadi mwisho ni Chacha, mdogo wake Marwa, tumbo moja. Wenzake wawili walimfuata.

Marwa aliniita Ijumaa mchana. Kazi yote ya chini alikuwa ameimaliza: krenki, beringi, pistoni ziko ndani ya silinda. Kilichobaki ni kichwa cha injini, silinda hedi, na kichwa hukazwa kwa spana maalumu inayopima nguvu, ambayo pale maduarani nilikuwa nayo mimi tu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mura. Habari za kazi?"

"Kazi nimemaliza. Wewe ni wa kuweka kofia tu."

Nilivua koti nikaanza kumhoji kama Mzee Okelo alivyonihoji mimi. Vifuniko vya beringi umefuata namba? Amefuata. Mianya ya ringi umeipishanisha, haikukaa mstari mmoja? Ameipishanisha. Nikazungusha injini kwa mkono: ikaenda laini, bila kugoma. Nilimwangalia mtu huyu ambaye hajawahi kufundishwa, nikaona haya kidogo, nikikumbuka nilivyokuwa mimi kwenye wiki yangu ya tatu.

"Umeosha?" nikauliza.

"Nimeosha, tata," akasema, akiniita baba kwa Kikurya. "Mara mbili. Karai zima la petroli, na brashi ya waya. Halafu nikapaka grisi kila mahali, isiingie kutu."

Kweli, pistoni zilikuwa zimefunikwa grisi nene juu. Nikaifuta kwa kitambaa. Kuna kaboni kidogo ilibaki pembeni, nikapitisha msasa laini. Zikang'aa. Ziling'aa kama kioo, tena kwa weupe ambao sikuuzoea kwenye pistoni kuukuu. Niliona. Sikujiuliza. Nilisema, "Marwa, umefanya kazi nzuri," naye akawaangalia wenzake kama mtu aliyepewa cheti.

Mpango wao ulikuwa huu: tufunge kichwa, tuwashe, pampu ivute maji hadi asubuhi, na Jumamosi mapema Chacha na wenzake washuke. Walikuwa wamekaa siku nane bila kushuka, na siku nane wakati wa rashi ni nyingi.

Nilikuwa nimeshika gasketi mkononi nilipoangalia jua. Mimi ni mtu ninayetunza Sabato, kama wazazi wangu, na Sabato kwetu inaingia Ijumaa jua linapozama. Jua lilikuwa limebakiza kidogo sana. Nikaiweka gasketi chini.

"Tutamalizia Jumapili asubuhi," nikasema.

Walidhani natania. Kisha mmoja wa wale wenzake Chacha akasema, "Fundi, jua si lile pale?"

"Lipo. Linakwenda."

"Bolti kumi tu, mzee! Kwani Mungu wako anahesabu bolti?"

"Hahesabu," nikasema. "Lakini mimi nahesabu."

Wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Marwa hakucheka. Akasema taratibu, "Nipe hiyo spana ya kupima, nitafunga mwenyewe."

"Spana naondoka nayo."

"Unaninyima?"

"Nakunyima siku moja, Marwa. Jumapili nitakuja kabla hamjanywa chai."

"Basi nitakaza kwa spana ya kawaida. Mkono wangu unajua."

Nawaambieni ukweli, vijana, sikuwa imara kama ninavyosikika. Nilitamani kuigeuza shingo yangu nisilione jua. Kazi ya muda mfupi, watu kumi wananitazama, na mimi naonekana mzee mwenye ubishi. Sikuwa nimeona hatari yoyote kwenye ile injini. Kama ingekuwa Alhamisi ningefunga kichwa, ningewasha, ningekula ugali wao na kurudi nyumbani nikiimba.

Aliyeamua ni Chacha. Alikuwa ameketi juu ya rundo la udongo, akitafuna muwa. Akatema kapi, akasema kwa kaka yake, "Wewe unakaza, ila anayeshuka ni mimi. Tumsubiri fundi na spana yake."

Marwa akapiga teke debe tupu, likaenda likilia hadi chini ya mteremko. Lakini akasubiri. Mke wake akaleta kitenge kikuukuu tukafunika injini, tukaweka na turubai juu.

Jumamosi ilinyesha mvua ya manyunyu kutwa nzima. Kanisani sikusikia mahubiri vizuri. Mchungaji alizungumza juu ya pumziko, na mimi nilikuwa nawaza bolti kumi na jinsi wale vijana watakavyonicheka nikirudi. Niliomba Mungu anisamehe kwa kumpa siku yake bila kumpa mawazo yangu.

Jumapili nilifika mapema. Marwa alijibu salamu nusu. Akavuta turubai, kisha kitenge. Akarudi nyuma hatua mbili.

Pistoni zilikuwa zimeota mvi.

Sina neno jingine. Juu ya kila pistoni, ile sehemu niliyoiacha iking'aa, zilisimama nyuzi nyeupe, laini, ndefu kama kidole kidogo cha mtoto, kama ndevu za mzee. Niliita jina la Yesu, kwa sauti. Nilikuwa nimefungua injini kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuona chuma kikiota kitu.

Watu wakasogea, wakaona, wakarudi nyuma. Yule aliyeniuliza kama Mungu anahesabu bolti akasema, "Wametuloga. Ni wale wa duara la juu."

"Hapana," Marwa akasema. Akageuka akanitazama mimi. "Wewe ndiye uliyesema tungoje. Wewe ndiye wa mwisho kuzigusa. Ulijua nini, mzee?"

Hapo niliogopa. Nilijua maneno kama hayo yanaweza kwenda mbali, hasa maduarani, hasa watu wakiwa wamekaa bila kazi. Hata mimi sikujua ninachokiona. Nilisema tu, "Sijui, Marwa. Tuangalie pamoja. Kama ni kazi ya mkono wangu, mtaiona."

Nikachukua kijiti nikagusa zile nyuzi. Zikaanguka kama majivu. Chini yake pistoni ilikuwa na mashimo, kana kwamba mchwa wameila. Nikafuta kwa kitambaa hadi ikabaki safi. Na tukiwa tunatazama, wote, mchana kweupe, nyuzi zikaanza kutoka tena, polepole, mahali pale pale. Mtu mmoja akaondoka kabisa, akasema anakwenda kuangalia mbuzi wake. Hakuwa na mbuzi.

Chacha ndiye aliyepiga magoti. Akaweka uso karibu na silinda ya pili, akachuma unyasi, akachokoa kwenye ukingo ambapo pistoni inakutana na ukuta. Kitu kidogo kikatoka kikibingirika, cha mviringo, kikimeta kama chozi la fedha.

"Hii naijua," akasema. "Hii ni zebaki."

Kila mchimbaji anaijua zebaki. Huichanganya na mchanga wa dhahabu uliosagwa kwenye karai, nayo huikamata dhahabu na kuiacha takataka. Marwa alikuwa akifanya kazi hiyo nyumbani kwake kila wiki.

"Kaka," Chacha akasema bila kuinua kichwa, "hivi vitu uliosha?"

"Nimesema nimeosha! Mara mbili!"

"Uliosha kwenye karai lipi?"

Marwa akaokota kitambaa. Akaanza kujifuta mikono.

"Lipi, kaka?"

"Lile la kuoshea," akasema.

Hapo ndipo nilipolifahamu swali langu. Mimi niliuliza "umeosha" nikiwa na maana ya gereji. Yeye akajibu "nimeosha" na hakusema uongo hata kidogo. Maduarani kuosha ni kuosha dhahabu, na karai la kuoshea ni karai la zebaki. Ndilo kubwa, ndilo lililokuwepo, akamimina petroli humo, akasugua pistoni kwa brashi ya waya katika masalia yaliyokwama kwenye mikunjo ya karai. Neno moja, watu wawili, na kila mmoja akaridhika.

"Lakini zebaki na injini wapi na wapi?" Marwa akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

Chacha akasema, "Unakumbuka sufuria ya Bhoke?" Bhoke ni mama aliyekuwa anatupikia pale. "Tulipomwekea zebaki ndani mara moja tu. Si ilitoboka? Si ndiyo maana hatuweki kwenye sufuria, tunaweka kwenye karai la chuma?"

"Ile ni sufuria. Hii ni pistoni."

Wakanitazama mimi. Nikasema, "Ni madini yaleyale, Marwa. Pistoni ni alumini. Ni ndugu wa sufuria."

Mimi nilijua pistoni ni alumini, zebaki sikuijua. Wao waliijua zebaki kama wanavyojua chumvi. Pistoni waliona ni chuma tu. Elimu yote iliyohitajika ilikuwepo pale tangu Ijumaa, imegawanywa kwenye vichwa vitatu, na hakuna aliyeuliza.

Tukafungua injini yote siku ile ile. Nilitoa pistoni ya pili nikaweka ncha ya bisibisi juu yake, nikasukuma kwa kiganja tu, bila nyundo. Ikaingia kama kwenye kiazi kilichoiva. Beringi nazo, ambazo uso wake wa ndani ni madini laini, zilikuwa zimegeuka kijivu, na ukikwangua kwa ukucha zinatoka kama uji uliokauka. Injini hiyo ingewaka vizuri Ijumaa. Sina shaka hata leo. Ingenguruma, tungepongezana. Ingekufa lini, sijui. Pengine kabla ya mtu kushuka, na tungekuwa na hasara ya vyuma tu. Pengine Jumamosi saa nne asubuhi.

Chacha aliishika ile pistoni akaigeuza geuza. Akaenda nayo hadi kwenye mdomo wa duara, akasimama akitazama maji. Akaitupa. Tukasikia ikigonga maji, karibu sana na juu. Akakaa chini palepale, akaanza kucheka, na kicheko kikawa kirefu hadi kaka yake akaenda kumshika bega. Marwa alikaa karibu naye. Nilimsikia akisema kwa Kikurya maneno ambayo nitayaweka kwa Kiswahili hivi: "Ningekushusha kwa mikono yangu."

Niliomba dua fupi, nikiwa bado nimesimama na bisibisi mkononi. Wengine walivua kofia, hata wale wasioomba. Sikuhubiri. Nilitaka sana kuhubiri, nikajizuia, maana nilikumbuka nani alizipitisha msasa zile pistoni na kusema kazi ni nzuri.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida. Marwa alikwenda Sirari tena akaleta pistoni na beringi nyingine. Tuliosha kila kitu upya, ndani ya beseni jipya la plastiki ambalo mimi mwenyewe nilikwenda nalo limefungwa kwa kamba, na nikakataa mtu mwingine kulishika. Mifereji ya oili tuliipuliza kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo safari hii. Tulikuwa hatujui sawasawa wakati ule jinsi zebaki inavyomdhuru mtu, hasa ikipata moto ikawa hewa. Siku hizi mnafundishwa, na msipuuze. Nikifikiri ile injini ingewaka na zebaki ndani, sisi tumeizunguka tukipiga makofi, namshukuru Mungu kwa jambo jingine tena ambalo sikulijua.

Na swali nililibadilisha. Vijana waliojifunza kwangu baada ya hapo hawakuwahi kunisikia nikiuliza "umeosha?" Hilo ni swali linalojibiwa ndiyo, na ndiyo haina maana. Niliwaambia, "Nipeleke ulipooshea." Tunakwenda wote. Naangalia chombo, nanusa petroli, naingiza kidole. Hata nyinyi, mkimwita fundi aje aangalie mlichokifunga nyumbani, msikubali aseme ni kizuri akiwa amesimama. Na akiwauliza maswali mengi msikasirike. Mwambieni hata yale ambayo hakuuliza: mlichemshia wapi, mlifutia nini, nani alipita hapo, mtoto alichezea nini. Yule mtu anayefunga injini kwenye simu hana pua. Haoni karai lako.

Injini ilifungwa Jumatano. Nilikaza kichwa kwa spana yangu, bolti kumi, hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje. Tuliiwasha tukaiacha ingurume bila mkanda, mimi nimeketi kando yake kwenye kigoda, nikisikiliza. Tukaipoza, tukaiwasha tena, tukaivalisha mkanda. Maji yakaanza kushuka. Siku nzima ya Alhamisi na sehemu ya Ijumaa iliyavuta bila kukohoa.

Ijumaa asubuhi Chacha alivaa kofia yake. Marwa akamwambia, "Mura, unaweza kungoja Jumatatu." Chacha akasema, "Fundi amekaa hapo siku mbili kama kuku anayeatamia. Nashuka." Akashika kamba, na wenzake wawili nyuma yake.

Sijawahi kusikiliza injini kama nilivyosikiliza ile. Marwa hakukaa. Alizunguka duara, anakuja kwangu, anaweka kiganja kwenye fremu, anaondoka. Bhoke alileta chakula, hatukula. Kila mkanda ulipolia niliinama kuutazama. Mara moja ilipiga chafya, ni plagi tu, na Marwa alikuwa ameshashika kamba kwa mikono miwili kabla sijasema kitu.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima kamba ilipotikiswa mara tatu, ndiyo alama yao. Akatoka wa kwanza. Akatoka wa pili. Kisha kwa muda kamba ikalegea, nami nikainuka kigodani. Ikakaza tena. Akatoka Chacha, tope hadi kwenye kope, akajitupa chini chali, akasema, "Bhoke, kuna chakula au mmekula chote?"

Marwa akazima injini kwa mkono wake mwenyewe. Ukimya ulikuwa mtamu ajabu. Akaja akachuchumaa mbele ya kigoda changu, akikwangua grisi kwenye kucha, asinitazame.

"Tata," akasema, "hiyo Sabato yenu, Ijumaa inaingia saa ngapi?"

"Jua likizama."

Akaangalia magharibi, akapima kwa kiganja.

"Basi kuanzia leo, Ijumaa watu wangu watakuwa wamepanda juu kabla ya hapo," akasema. "Nikeshe nikiomba au nisiombe, hilo ni langu. Ila watakuwa juu."